Habari ama udaku?

Kila taarifa ya saa moja jioni ikitaja msanii, lazima mtu aulize, "Sasa hii ni habari ama udaku?" Mimi nasema inategemea, na historia yetu inanisapoti.

Turudi 2002. Majamaa wawili, Gidi Gidi na Maji Maji, walitoa "Unbwogable". Neno lenyewe limetoka kwa Kijaluo, maana yake ni mtu asiyetishika. NARC wakaubeba huo wimbo kwa kampeni. Desemba hiyo Kibaki akashinda, KANU ikang'oka baada ya karibu miaka 40. Utasimuliaje uchaguzi huo bila kutaja wasanii? Halafu 2017, Jaguar akatoka kwa maiki akawa mbunge wa Starehe.

Kwa hivyo msanii akigusa kura, sheria ama pesa ya umma, hiyo ni habari. Iwekwe mbele kabisa.

Lakini nani amemwacha nani? Apana. Taarifa ina dakika zake, na udaku ukizila, kuna kesi ya ufisadi imekosa nafasi. Mwizi wa pesa zetu anapenda sana tukicheka hivyo.