Tanzania: Kutembea na kulala katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki

Msitu wa Amani upo katika Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Ni mali ya serikali na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mwaka 1997 ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Una hekta 8,380, na ardhi yake hupanda kutoka mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na nchi tambarare, hadi mita 1,130 kwenye vilele.

Kwa msafiri wa nchi jirani aliyezoea kuisikia Tanzania kwa jina la Serengeti, yafaa aelezwe mapema kwamba Amani ni safari ya namna nyingine. Hakuna simba wala tembo, na hakuna gari la kumzungusha mgeni kutwa nzima. Mtu hutembea kwa miguu chini ya miti mirefu, husikiliza, huinama kutazama vilivyo chini ya majani, kisha hulala papo hapo milimani. Anayekuja na haraka ataona miti tu.

Njia ya kufika huanzia mji wa Muheza, ulio kando ya barabara kuu ya Segera na Tanga. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Sehemu ya kwanza hupita mashamba ya michungwa na minazi, na sehemu ya mwisho ni barabara ya udongo yenye kona nyingi ndani ya msitu. Mabasi ya kwenda juu kwa kawaida huondoka Muheza mchana na kurudi alfajiri, kwa hiyo asiye na gari lake hana budi kulala. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, barabara huteleza na magari madogo hukwama. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya Juni hadi Septemba ina baridi na ukungu lakini ni mizuri kwa kutembea, na ile ya Januari na Februari ni mikavu na yenye joto zaidi.

Lango la hifadhi lipo Sigi, chini ya mlima. Hapo ndipo ilipoishia reli nyembamba iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni, mwanzoni mwa karne ya 20, ili kushusha magogo. Reli iling'olewa zamani, lakini nyumba ya stesheni ilikarabatiwa na sasa ni kituo cha kupokelea wageni, chenye maonyesho madogo kuhusu msitu na watu wake. Mgeni hulipia hapo au katika ofisi ya juu, na ada za raia wa Tanzania si sawa na za watu watokao nje. Malipo ya serikali nchini Tanzania hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu. Ni busara kuulizia viwango na utaratibu kabla ya kufunga safari, kwa kuwa mtandao wa simu milimani haupatikani kila mahali.

Zipo nyumba za wageni za hifadhi Sigi na Amani juu, na zipo sehemu za kupiga hema. Uchaguzi kati ya hizo mbili si jambo dogo. Sigi kuna joto, kuna mto, na vipepeo ni wengi asubuhi. Amani kuna baridi ya kutosha kumfanya mtu wa pwani aombe blanketi la pili, na ukungu huingia hadi barazani. Vyumba ni vya kawaida tu na chakula hupikwa kwa kuagizwa mapema. Vitu vya kubeba ni koti la mvua, viatu vinavyoshika vizuri kwenye utelezi, tochi, na chandarua kwa mwenye hema. Suruali iingizwe ndani ya soksi, maana siafu wa Usambara hawabagui mgeni na mwenyeji.

Baada ya jua kuzama ndipo msitu huu huonyesha yale ambayo mchana huyaficha. Matembezi ya usiku hufanywa pamoja na mwongozaji na tochi. Vinyonga, ambao mchana hufanana na majani, usiku hupauka na kuonekana wazi juu ya vitawi. Baadhi ya madume yana pembe puani. Katika majani yaliyooza huishi chura mdogo ambaye wataalamu humwita Nectophrynoides tornieri. Yeye hatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Mchana huonekana mbega weusi kwa weupe, kima, hondohondo, na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu afukuaye wadudu chini. Wapenzi wa ndege huja kutoka mbali kumtafuta bundi mkubwa wa Usambara, na wengi wao huondoka wakiwa wamemsikia tu.

Sababu ya utajiri huo ni bahari. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa kusini mwa Tanzania. Pepo za Bahari ya Hindi huipiga milima hiyo na kuacha mvua, na kwa muda mrefu sana misitu ilidumu hapa hata pale nchi za chini zilipokauka. Mimea na wanyama walibaki kama walio kisiwani, na viumbe wengi hawapatikani kwingine. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya katika eneo hili ua dogo la zambarau na kulipeleka kwao. Leo ua hilo, lijulikanalo kwa jina la Saintpaulia, hupandwa vyunguni madirishani duniani kote. Mwitu wake bado huota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito vya Amani.

Si kila mti uliopo ni wa asili. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta mbegu kutoka pande zote za dunia. Miongoni mwa mimea hiyo ni mkwinini, ambao magamba yake yalitoa dawa ya malaria wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Bustani waliyoiacha bado hutembelewa, ingawa katika sehemu nyingi msitu umeshaimeza. Wasomaji wa nchi za Maziwa Makuu watautambua mti mmoja uliopandwa huko: Maesopsis eminii, uitwao musizi nchini Uganda, ambao kwao ni magharibi mwa Ziwa Viktoria. Ulipofikishwa Usambara uliota kwa kasi katika kila uwazi ulioachwa na wakata mbao, hondohondo wakasambaza mbegu zake, na leo unahesabiwa miongoni mwa vitisho vikubwa vya msitu wa asili. Mti ulio mwema kwao umekuwa mvamizi ugenini.

Msitu huu pia una deni kwa wanavijiji wanaouzunguka. Kwa vizazi walilima iliki chini ya miti, hasa eneo la Derema, ambalo huunganisha Amani na misitu iliyo kaskazini yake. Serikali ilipoamua kulifanya eneo hilo kuwa ushoroba wa hifadhi, wakulima waliondolewa na kulipwa fidia ya mazao, malipo yaliyochukua miaka mingi kukamilika. Wengine walitegemea ufugaji wa vipepeo, wakiwauza nchi za nje kabla hawajatoka ndani ya gamba. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai, na soko hilo likafungwa kwao. Kwa hiyo mwongozaji wa kijijini, mpishi wa nyumba ya wageni na muuza ndizi wa Shebomeza wana haki ya kumtazama mgeni kwa matumaini. Kumwajiri mwongozaji wa hapo ni sehemu ya gharama ya halali ya safari, hata kwa mtu anayejiona hodari wa njia.

Wenye kuhitaji msitu huu zaidi, hata hivyo, huenda hawajapata kuukanyaga. Mto Sigi, wengine huuita Zigi, hukusanya vijito vya milima hii na kuingia katika bwawa la Mabayani, ambalo hulipatia maji jiji la Tanga. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walipoivamia misitu ya Usambara Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyanzo hivyo viliingia hatarini.

Njia ya miguu itumiwayo zaidi ni ile iunganishayo Amani na Sigi. Wengi huona nafuu kupanda kwa gari na kuishuka kwa miguu, wakiondoka asubuhi mapema na kufika stesheni ya zamani kabla ya jua kuwa kali. Kwa wenye muda mfupi kuna kilima cha Mbomole, karibu na Amani yenyewe. Siku isiyo na ukungu mtu akiwa juu yake huona mashamba ya chai yakikatiza msitu, na mbali zaidi, upande wa mashariki, nchi tambarare ikishuka kuelekea baharini.