Kutoka Newala hadi Luanda: Nani Anasoma Virusi Vyetu?

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba neno la Kimakonde limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Neno hilo ni chikungunya, yaani kinachomkunja mtu. Wenyeji wa Newala na Masasi walilitumia kuanzia mwaka 1952, homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo vilipowapindisha wazee kwa vijana.

Uwanda wa Makonde ulikuwa na uhaba mkubwa wa maji. Watu waliyachota mbali na kuyahifadhi majumbani, na humo mbu wakazaliana. Kwa macho, ugonjwa ule ulifanana na dengi. Mwaka 1953 damu ya wagonjwa ilichunguzwa Entebbe, Uganda, ambako R. W. Ross alikitenga kirusi kwa kuwadunga panya wachanga. Mwaka 2002 ulichapishwa mpangilio kamili wa vinasaba vya kirusi cha mlipuko ule, herufi zipatazo 11,800. Huo ndio ukawa kipimo cha kulinganishia virusi vilivyoisumbua Réunion mwaka 2005 na 2006.

Funzo lake ni kwamba dalili hudanganya. Kama homa zinavyofanana, ndivyo na vikohozi: mafua makali na UVIKO-19 huweza kumlaza mgonjwa kwa namna moja. Kusoma vinasaba vilivyomo katika makamasi yake hutenganisha kirusi kimoja na kingine, na huonyesha kimebadilika vipi na kina undugu na virusi vya wapi.

Hapa ndipo historia inaponiuma. Mwezi Mei 2020 nchi yetu iliacha kutangaza takwimu za UVIKO-19, hesabu ya mwisho ikiwa wagonjwa 509. Kirusi hakikuacha safari zake. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa mjini Luanda, Angola. Sampuli zao zilisomwa Afrika Kusini, zikaonekana kubeba aina ya kirusi yenye mabadiliko mengi ambayo haikuwa imejulikana. Habari za vifua vyetu tukazipata kutoka ugenini.

Mwaka 1953 tulikuwa watawaliwa, na uamuzi wa damu ile kwenda wapi haukuwa wetu. Mwaka 2021 tulikuwa na maabara, wataalamu na bendera. Wapo wanaosema mashine za kusomea vinasaba ni anasa kwa nchi yenye zahanati zisizo na dawa. Hoja hiyo ina uzito, lakini mashine haikuwa kikwazo kikuu. Kikwazo kilikuwa hofu ya majibu.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa walitafakari hili: sampuli za wagonjwa wa kifua kutoka hospitali za wilaya zisomwe nchini, kwa ratiba, na matokeo yamfikie mganga wa Newala kabla hayajafika kwenye jarida la kigeni. Wamakonde walikwisha kutimiza wajibu wao. Waliutazama ugonjwa, wakaupa jina hadharani.