Bia nyeusi na dengelua: uonjaji wake Same na milima ya Upare

Bia nyeusi ya Kijerumani ni lager inayotengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa joto kali. Wajerumani huiita dunkel, maana yake "ya giza". Kwao ni Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na hasa mji wa München. Dengelua ni pombe ya miwa ya Wapare na majirani zao Wachaga. Makala hii inazieleza pamoja kwa kuwa mtu wa Same, mji wa Tanzania ulio chini ya milima ya Pare, anayetaka kuijua ile ya ugenini ana mwalimu tayari nyumbani. Zote mbili zina rangi ya kahawia, zote mbili hubeba utamu wa mmea zilikotoka, na zote mbili hazimpi kitu mnywaji mwenye haraka.

Rangi na ukali

Katika baa za Same, kama kwingineko Tanzania, ukisema bia nyeusi mhudumu atakuletea Guinness au Castle Milk Stout. Wengi huiagiza, na wengine huikwepa, kwa imani moja: kwamba weusi ndio ukali. Imani hiyo iwekwe kando kabla chupa haijafunguliwa. Dunkel huwa na kileo cha asilimia 4.5 hadi 5.6 hivi. Bia ya Kilimanjaro ina 4.5 na ya Safari ina 5.5, kwa hiyo anayezimudu hizo hana la kuogopa. Uchungu wa dunkel nao ni mdogo. Guinness ni ya ukoo mwingine: huchachushwa katika joto la juu zaidi, na weusi wake unatoka kwenye shayiri iliyochomwa mpaka ikakaribia kahawa. Kimea cha dunkel hakiunguzwi. Huiva tu.

Kuiva huko ndiko kiini cha bia hii. Shayiri huloweshwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa, kazi ambayo kila anayetengeneza pombe ya mbege kwa ulezi anaifahamu. Kimea cha bia angavu hukaushwa kwa nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Kile cha München hupandishwa hadi kwenye nyuzi 100 au zaidi kidogo, kikiwa bado na unyevu wake mwanzoni, na hapo sukari na protini za nafaka hukutana na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na harufu mpya. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hili mwaka 1912, lakini mpishi yeyote analijua kwa jina la ukoko. Kinachotokea chini ya sufuria ya ugali, juu ya gamba la mkate, kwenye karanga za kukaanga na kwenye ngozi ya mbuzi anayegeuzwa juu ya makaa ndicho kinachotokea kwenye kimea. Mwonjaji asiyejua aanzie wapi aanzie hapo: autafute ukoko ndani ya glasi.

Asili ya bia yenyewe

Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm IV na Ludwig X, walitoa amri kuwa bia itengenezwe kwa shayiri, maua machungu ya hopsi na maji pekee. Chachu haikutajwa, na kazi yake hasa ilikuwa bado haijaeleweka. Ilikuwemo kwenye vyombo na hewani, kama ilivyokuwemo kwenye mitungi ya bibi zetu. Mwaka 1553 amri nyingine ilikataza kupika bia kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Septemba, kwa sababu bia za majira ya joto ziliharibika. Basi iliyopikwa wakati wa baridi iliwekwa kwenye mahandaki na mapango pamoja na barafu. Neno lager lenyewe ni la Kijerumani, na maana yake ni ghala. Chachu zilizovumilia baridi ndizo zilizobaki, zikachapa kazi polepole chini ya pipa kwa majuma mengi, na bia ikatoka safi, isiyo na harufu za matunda.

Kwa nini iwe nyeusi? Sehemu ya jibu iko kwenye maji. Maji ya München ni magumu, ya aina inayoacha tabaka jeupe ndani ya birika la chai. Maji hayo hayapatani na kimea cheupe, lakini asidi kidogo iliyomo kwenye kimea kilichoiva huyatuliza. Mpika bia Josef Groll alipotoa bia angavu katika mji wa Plzeň mwaka 1842, ulimwengu ulihamia kwenye rangi ya dhahabu, na München yenyewe ikafuata mwaka 1894 kwa bia ya Helles kutoka kiwanda cha Spaten. Karibu lager zote zinazonywewa Afrika Mashariki ni wajukuu wa Plzeň. Dunkel ni babu aliyebaki kijijini.

Wajerumani waliofika Upare

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ilipita bondeni chini ya milima ya Pare, na Same ikawa stesheni. Ungetarajia bia ije nayo na kuota mizizi, lakini Wajerumani waliopanda milimani walikuwa hasa wamisionari. Walutheri wa Leipzig walijenga Shigatini, Usangi, upande wa kaskazini. Kusini, mwaka 1903, Waadventista Wasabato Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Mamba na kuanzisha Giti, kituo cha kwanza cha kanisa hilo nchini, na Waadventista hawanywi pombe kabisa. Kwa hiyo Upare ulipata kutoka kwa Wajerumani shule, vitabu na Sabato, na pombe ikabaki ya wenyewe. Hadi leo kaya nyingi za Same, za Waadventista na za Waislamu, hazina kileo, na mgeni anayekuja kuonja anapaswa kuuliza kwanza kabla ya kukaribisha mtu glasi.

Dengelua

Miwa ya Upare huota vizuri kwenye mabonde na kingo za mifereji inayoshuka kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ambayo Wapare wamekuwa wakiyajenga na kuyagawana kwa zamu tangu kale. Muwa humenywa, hukatwa vipande, hutwangwa kinuni, na machicha hukamuliwa. Juisi hutoka ikiwa na ukijani, na ikiguswa na hewa hubadilika taratibu kuwa ya kahawia. Shayiri lazima ichipue ndipo wanga wake ugeuke sukari. Muwa una sukari yake tayari, kwa hiyo uchachu huanza ndani ya saa chache, na siku moja au mbili zatosha. Kazi ambayo hopsi huifanya Bavaria, ya kuupa utamu mpinzani, jamii mbalimbali za ukanda huu huifanya kwa mizizi, magome na matunda. Tunda la mwegea, ambalo limeipa pombe ya Wakikuyu jina lake, muratina, lina kazi nyingine: huchochea uchachu.

Pombe ya miwa imekuwa na nafasi kwenye mahari, matambiko na mapatano ya wazee, na hapo haikunywewa ili kulewa upesi. Kata ilizunguka kwa utaratibu wa umri, na kila aliyepokea alitoa neno juu ya pombe: bado changa, imeiva, imevuka. Maneno hayo matatu ni msamiati kamili wa uonjaji, na ni mali yetu.

Jinsi ya kuonja

Joto la kinywaji ndilo jambo la kwanza na ndilo linalokosewa zaidi. Mhudumu wa baa ya Kitanzania huuliza, "Ya baridi au ya moto?", ya moto ikiwa ni ile ambayo haikuingia kwenye friji. Dunkel haitaki hata moja. Ya baridi sana hufunga harufu, ukabaki na maji matamu. Ya moto hutoa kileo mbele na utamu wake unachosha. Joto lake ni nyuzi 8 hadi 12. Mjini Same, ambako mchana wa Februari hupita nyuzi 30, chupa itolewe kwenye friji na kuachwa kivulini kama dakika 20 kabla ya kumiminwa. Jioni ya Julai huko milimani, Chome au Mamba, mambo ni mepesi: hewa ya milima hii, ambayo kilele chake cha Shengena kimepita mita 2,400, hukaribia yenyewe hewa ya lile handaki la Bavaria.

Chombo kiwe glasi iliyosuuzwa vizuri isibaki na sabuni wala mafuta, maana vyote viwili huua povu. Mimina kwa ubavu wa glasi, kisha nyoosha glasi theluthi ya mwisho ili povu lipande. Sasa inua glasi kuelekea kwenye taa au dirisha. Hapa wengi hushangaa: bia waliyoiita nyeusi si nyeusi. Katikati ni kahawia ya mbao ya mninga iliyopakwa vanishi, na pembeni, pale mwanga unapopenya, ni nyekundu kama rosela. Povu lake lina rangi ya chai ya maziwa. Dengelua haikupi uwazi huu. Ni nzito, ina ukungu, na mapovu yake madogo huendelea kupanda kwa sababu chachu bado iko hai ndani yake.

Nusa kabla ya kunywa, mara mbili au tatu fupi. Kwenye dunkel tafuta gamba la mkate, kisha karanga, kisha sukari guru, na nyuma kabisa dokezo la kakao. Ukikutana na harufu ya kuungua au masizi, huenda ni bia ya aina nyingine. Harufu ya boksi lililolowa ni dalili ya uzee. Chupa zinazosafiri kutoka Ulaya huupata kwa urahisi, kwa hiyo tarehe isomwe dukani. Chupa iliyokaa juani hutoa harufu kali ya kuvunda, kwa sababu mwanga hubadilisha hopsi. Dengelua yenye harufu ya siki imevuka, na haina dawa.

Funda la kwanza lisihukumiwe, linasafisha kinywa tu. La pili lizungushwe ulimini. Dunkel nzuri huanza na utamu wa nafaka na kuishia kavu, ikikuachia uchungu mdogo unaokuita tena. Ikiishia kwenye utamu unaonata, ni dhaifu hata kama jina lake ni kubwa. Miongoni mwa zinazoheshimika ni Ayinger Altbairisch Dunkel na ile ya monasteri ya Weltenburg kando ya mto Danube. Dengelua hukwenda kinyume. Huanza na uchachu, utamu wa muwa hufuata, na mwisho hubaki ladha ya kijani, kama ukitafuna muwa karibu na fundo.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma hana mshindani, kwa kuwa gamba lake na kimea vimezaliwa na moto wa aina moja. Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu, mwenzi bora wa dunkel Upare ni makande, hasa yaliyolala na kupashwa asubuhi yake mpaka yakashika chini. Mahindi na maharage yana utulivu unaoiacha bia iseme. Pilipili nyingi huiharibu. Tangawizi ya Mamba Miamba ikitiwa kwa kiasi kwenye mchuzi huichangamsha.

Glasi moja au mbili zatosha kwa kazi hii. Kuanzia ya tatu ulimi hauna ushahidi tena, na barabara ya kushuka kutoka milimani haitaki dereva aliyekunywa hata moja. Anayeanza aipate kwanza dengelua ya siku hiyo kwa mtengenezaji anayeaminika, aulize ilikamuliwa lini na ikawekwa kwenye nini, kisha ndipo afungue ile chupa ya Bavaria. Aandike anachokinusa kwa maneno ya jikoni kwao, na akiwa na bibi aliyewahi kuitengeneza dengelua, ayaandike na ya bibi pia.