Makasiki Yaliyohama Nyumba

Kasiki kubwa la Wapueblo halikufinyangwa liwe pambo la sebule. Katika vijiji vyao vya Zuni, Acoma, Zia na Santo Domingo, kusini-magharibi mwa Marekani, lilikaa chumba cha ndani likiwa limejaa mahindi au unga, na baada ya kuja kwa Wahispania, ngano pia. Nchi ile ni kame. Mvua ikikosa kunyesha, uhai wa familia ulitegemea kilichomo ndani ya udongo huo.

Waliofinyanga walikuwa hasa wanawake, wala hawakutumia gurudumu. Udongo ulisokotwa kuwa kamba nene, kamba zikazungushwa moja juu ya nyingine, kisha ukuta ukakwanguliwa kwa kipande cha kibuyu mpaka ukawa laini. Ili chombo kisipasuke motoni, wafinyanzi wa Acoma na Zuni walichanganya udongo na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa. Wa Zia walisaga mawe meusi ya volkano. Kwa hiyo ndani ya kasiki la Acoma huenda kimo chungu alichokitumia bibi wa mfinyanzi. Michoro ilipakwa kwa brashi ya jani la yuka, na mara nyingi rangi nyeusi ilitokana na mmea wa porini uliochemshwa hadi ukawa mzito. Uchomaji ulifanyika nje, kwa samadi kavu, na upepo wa ghafla uliweza kuharibu kazi ya siku nyingi.

Mwaka 1879 msafara wa taasisi ya Smithsonian ulifika Zuni. Walikuwamo James Stevenson na mkewe Matilda, kijana Frank Hamilton Cushing, na mpiga picha John Hillers. Waliamini utamaduni ule ungetoweka karibuni, basi wakakusanya kwa pupa: kwa miaka michache tu maelfu ya vyombo yalisafirishwa hadi Washington. Mwaka uliofuata reli ikafika Albuquerque. Treni ilileta ndoo na makopo ya bati, ikaleta pia watalii waliotaka vyungu vidogo vya kutia mizigoni. Kasiki kubwa likapoteza kazi yake nyumbani, na sokoni nako wanunuzi wakawa haba.

Mwaka 1922, mjini Santa Fe, mtungi wa Kizuni ulivunjika kwenye karamu ya chakula cha jioni. Kutokana na mkasa huo, Kenneth Chapman, Harry Mera na wenzao walianzisha mfuko wa kununua vyombo vya kale vya Wapueblo ili vibaki katika jimbo la New Mexico. Kufikia 1925 ulikuwa umekua na kuitwa Indian Arts Fund. Bila juhudi yao, mengi ya makasiki yale yangetawanyika, na kwa hilo wanastahili kushukuriwa.

Hata hivyo kazi hiyo ina doa. Makasiki mengi yaliyo katika makumbusho yameandikwa jina la kijiji na mwaka wa kukadiria, bila jina la aliyeyafinyanga. Ni kweli kwamba zamani wanawake hawakuwa na desturi ya kutia sahihi. Hata Maria Martinez, mfinyanzi maarufu wa kijiji cha San Ildefonso, alianza miaka ya 1920. Lakini mnunuzi aliyesimama mlangoni angeweza kuuliza. Familia ya Tafoya ya kijiji cha Santa Clara inaonyesha kilichopotea kwingineko: tunajua kwamba Sara Fina alifinyanga makasiki meusi makubwa mno, na kwamba bintiye Margaret (1904–2001) aliuendeleza ufundi huo, akitia alama ya wayo wa dubu.

Pasipo na jina, kasiki lenyewe ndilo shahidi. Kitako kilichosagika, ukingo uliolainishwa na mikono, mkanda wa ngozi mbichi uliofungwa kuzuia ufa: hayo yanasimulia maisha ya nyumba. Mkusanyaji anayeyasafisha yote ili chombo kionekane kipya anafuta nusu ya historia.

Mwaka 2022 maonyesho ya Grounded in Clay yalifunguliwa Santa Fe, na mwaka uliofuata yakapelekwa New York. Safari hii Wapueblo wenyewe zaidi ya 60 walichagua vyombo na kuandika maelezo yake. Vingi vilitoka kwenye mkusanyiko ule ulioanza 1922, ambao leo uko chini ya taasisi ya School for Advanced Research, na wafinyanzi wa sasa huenda huko kuvishika kwa mikono yao na kujifunza.