Nani Ameshika Usukani Usiku wa Promu?

Limuzini za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na paa la abiria tu. Dereva alikaa mbele, nje: mvua yake, jua lake. Jina linatokana na Limousin, jimbo la zamani la Ufaransa lenye mji wa Limoges, na wengi hulieleza hivi: kile kibanda cha abiria kiliwakumbusha watu joho lenye kofia walilojifunika wachungaji wa huko. Hivyo tangu siku ya kwanza gari hili lilikuwa na kanuni moja, kwamba anayeendesha siye anayesafiri. Kanuni hiyo ndiyo iliyowafanya wazazi wa Marekani, miaka themanini baadaye, walikodi kwa ajili ya watoto wa sekondari.

Promu ni dansi ya mwisho wa shule. Neno lenyewe limekatwa kutoka “promenade”, ile desturi ya wageni kuingia ukumbini wawili wawili, wakitembea kwa madaha huku watu wakiwatazama. Ilianzia vyuoni, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwaka 1894 mwanafunzi wa Chuo cha Amherst aliandika katika shajara yake kwamba amealikwa promu ya Smith, chuo cha wasichana kilicho jirani. Kufikia miaka ya 1930 shule za sekondari nazo zilikuwa zimeiga, na baada ya Vita vya Pili, pesa zilipopatikana, promu ikatoka kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo uliopambwa kwa karatasi ikahamia hotelini.

Usafiri wa siku hizo ulikuwa gari la baba. Katika majimbo mengi kijana hupata leseni akiwa na miaka 16, na promu humkuta ana 17 au 18. Kwa hiyo aliweza kuendesha mwenyewe. Kilichobaki ni kuomba funguo, kusikiliza nasaha zilizoambatana na funguo hizo, kisha kuliosha gari mchana kutwa kama ambaye hajawahi kuambiwa afanye kazi hiyo. Wa pekee aliyeepuka adha yote alikuwa Susan Ford, binti wa Rais Gerald Ford. Mei 1975 darasa lake la shule ya Holton-Arms lilifanyia promu ndani ya Ikulu ya Marekani, kwenye Ukumbi wa Mashariki. Wenzake walikuja kwa magari. Yeye alishuka tu kutoka ghorofani.

Lakini gari la baba lilikuwa likiua. Vijana waliovaa suti na magauni ya satini walikunywa pombe, wakarudi usiku wa manane kwa mwendo wa kasi, na msimu wa promu ukawa msimu wa mazishi. Mwaka 1980 Candy Lightner wa California, ambaye binti yake wa miaka 13 alikuwa amegongwa na dereva mlevi, alianzisha chama cha MADD, cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani. Mwaka uliofuata, huko Wayland, Massachusetts, wanafunzi wa sekondari wakapata chama chao, SADD. Silaha yao ilikuwa karatasi moja: mkataba kati ya mtoto na mzazi. Mtoto anaahidi kupiga simu akikwama. Mzazi anaahidi kumfuata saa yoyote, popote, na ugomvi usubiri asubuhi. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likayabana majimbo yapandishe umri wa kununua pombe hadi miaka 21, la sivyo yakatwe sehemu ya fedha za barabara. Majimbo yalinung’unika, kisha yakatii.

Hapo ndipo limuzini ndefu ilipopata mteja ambaye haikuwahi kumfikiria.

Magari ya kurefushwa yalikuwapo tangu zamani. Huko Fort Smith, Arkansas, karakana ya Armbruster ilikuwa ikirefusha magari tangu miaka ya 1920, na wateja wake waliokumbukwa zaidi ni bendi kubwa za dansi: wanamuziki, tarumbeta na ngoma zao, wote ndani ya gari moja kutoka mji hadi mji. (Sisi tumezoea tarumbeta zikipigwa juu ya pikapu mbele ya msafara wa harusi, kwa hiyo muziki na magari ya sherehe si wageni kwa kila mmoja.) Baadaye limuzini hizo zikatumika kwenye viwanja vya ndege na hotelini. Katika miaka ya 1980, matajiri wa Wall Street na nyota wa Hollywood walipozifanya kuwa alama ya mafanikio, karakana zikaongezeka na bei ya kukodi ikashuka. Dereva wa kukodi, mtu mzima, asiyekunywa kazini: mzazi angetaka nini zaidi? Vijana wao waliona jambo jingine kabisa, yaani kufika kama nyota wa sinema. Kila upande ulidhani umeushinda mwingine, na bili ikalipwa.

Gari lililopendwa zaidi kwa kazi hiyo lilikuwa Lincoln Town Car, kwa kuwa bodi yake imeketi juu ya chesisi, na chesisi huongezeka. Fundi hulivua viti na zulia, halafu hulikata kwa msumeno nyuma ya milango ya mbele mpaka linakuwa vipande viwili. Vipande huvutwa mbali, mara nyingi karibu mita 3, vikanyooshwa kwa vipimo, kisha vyuma virefu huchomelewa katikati. Paa jipya, sakafu mpya, mbavu mpya. Shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma lazima irefushwe na kuwekewa beringi katikati, la sivyo itacheza. Mabomba ya breki, nyaya, bomba la moshi, vyote hufuata. Breki zenyewe, katika karakana za ovyo, hubaki zilezile zilizotengenezwa kwa gari jepesi zaidi. Ford ililiona tatizo hilo ikaweka utaratibu wa kuwaidhinisha warefushaji wanaofuata vipimo vyake. Wasiofuata hawakufunga karakana.

Ushindani wa urefu ulifikia mahali pa kuchekesha. Mwaka 1986, Jay Ohrberg wa Burbank, California, alijenga Cadillac yenye magurudumu 26 na urefu wa mita 18, baadaye akaivuta ikapita mita 30. Ilikuwa na bwawa la kuogelea na kiwanja cha helikopta. Gari la namna hiyo halikati kona ya mtaa wowote wenye wakazi, na haikuwa kazi yake kukata kona.

Limuzini ya promu ilikuwa na urefu wa kawaida zaidi. Jioni ya Mei inasimama mbele ya nyumba moja ambapo wote wamekubaliana kukutana, ikiwa imeziba njia ya magari ya majirani wawili. Wazazi wako kwenye nyasi na kamera. Mvulana anahangaika kumbandika msichana shada dogo la maua kwenye gauni bila kumchoma kwa pini. Dereva, suti nyeusi, anafungua mlango wa nyuma na kusubiri. Gauni huingia kwanza, mwenye gauni baadaye. Ndani, kiti kirefu kimezunguka ukuta mmoja hadi nyuma, dari lina vitaa vidogo kama nyota, na kwenye kabati la pembeni glasi za shampeni zimepangwa zikisubiri soda. Kioo kinachomtenga dereva hupandishwa kabla gari halijafika mwisho wa mtaa.

Kioo hicho kilizaa karatasi nyingine. Mikataba ya kukodi msimu wa promu ikaanza kudai saini ya mzazi: hakuna pombe, na ikionekana, safari imekwisha na pesa hazirudi. California ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2013, basi au limuzini ya kukodi yenye vijana wasiofikisha miaka 21 na pombe ndani lazima iwe na msimamizi wa miaka 25 au zaidi. Kumbe kumwajiri dereva hakukutosha. Ilibidi awepo pia mtu wa kukaa upande wa pili wa kioo.

Na lile gari lililokodiwa kwa ajili ya usalama nalo likaanza kutazamwa upya. Viti vya pembeni havina kitu mbele ya abiria cha kumzuia, na mara nyingi mikanda haipo au imezama kwenye mto wa kiti. Mwaka 2015, Cutchogue, Long Island, limuzini iliyokuwa ikigeuka barabarani iligongwa ubavuni na pikapu. Wanawake wanne waliokuwa ndani walikufa. Tarehe 6 Oktoba 2018, Schoharie, jimboni New York, Ford Excursion ya 2001 iliyorefushwa ilishindwa kusimama mteremkoni. Watu 20 walikufa: abiria wote 17, dereva, na wawili waliokuwa wakitembea kwa miguu. Haikuwa promu, ilikuwa safari ya siku ya kuzaliwa, na vijana hao walikuwa wamekodi gari kwa sababu ileile ya akina mama wa 1980: ili asiwepo wa kuendesha akiwa amekunywa. Wachunguzi walikuta breki zilizotelekezwa. Mwaka 2020 New York ikapitisha sheria ya mikanda kwa limuzini zilizorefushwa.

Town Car yenyewe iliacha kutengenezwa 2011. Siku hizi Wamarekani wengi hukodi basi dogo la sherehe, ambalo si mbali sana na Kosta tunayokodi sisi kwa send-off, tofauti ikiwa ni taa za rangi na sakafu ya kuchezea.

Uingereza iliipokea promu kwa kishindo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na limuzini zikaja nayo, nyingi zikiwa na usukani wa kushoto na rangi ya waridi. Wenyeji walilalamika kwamba ni mbwembwe za Kimarekani. Hawakuiona sababu iliyokuwa mbele ya macho yao: promu ya huko ni ya watoto wa miaka 16, baada ya mitihani ya GCSE, na leseni ya gari ni miaka 17. Hakuna hata mmoja anayeweza kuendesha. Lazima mtu awapeleke, na kama ni lazima, basi iwe kwa fahari. Serikali nayo ikahesabu viti: hadi abiria 8, leseni ya halmashauri, wakizidi, gari linahesabiwa kama basi na masharti yake. Wenye limuzini za Hummer za watu 16 hawakufurahi.

Vijijini ndiko wanakoshangaza. Huko wapo vijana wanaofika promu juu ya trekta, limeoshwa matope na kufungwa riboni. Wageni hudhani ni mzaha, lakini sheria ya Uingereza humruhusu kijana wa miaka 16 kuendesha trekta barabarani, akishafaulu mtihani wake. Mwenye suti ndiye aliyeshika usukani.