Kamusi Mbili za 1939: Historia ya Nyenzo za Kufundishia Isimu ya Kiswahili na Nafasi ya Nchi Jirani

Mwaka 1939 Kiswahili kilipata kamusi mbili kubwa ambazo, mbali na tarehe, zilifanana kwa machache. Ya kwanza ilikuwa kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa kwa jina la Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Iliandaliwa chini ya katibu wa kwanza wa Kamati hiyo, Frederick Johnson, aliyefariki kabla haijachapishwa. Ya pili ilikuwa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyefika Zanzibar mwaka 1879 na kufanya kazi huko na Bagamoyo hadi karibu na mwisho wa karne hiyo. Juzuu lake la kwanza lilianza kutoka Paris mwaka huohuo. Hakuna kikao kilichowahi kuziweka mezani kamusi hizo mbili na kuamua ipi ifuatwe. Hata hivyo, uamuzi ulifanyika, na vyuo vya ukanda huu vinaendelea kuishi nao.

Nyenzo za mwanzo za uchambuzi wa Kiswahili hazikutungwa kwa ajili ya Mswahili. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika sarufi na kamusi zilizoegemea Kimvita. Steere alitoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1870 akiegemea Kiunguja. Wote wawili walimwandikia mgeni aliyetaka kuhubiri, kutafsiri au kutawala. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ilipoanza kazi mwaka 1930, haja iliyotajwa ilikuwa ya kiutawala na kielimu: tahajia moja na vitabu vinavyolingana kwa makoloni yote manne. Kamusi ya Johnson, iliyojengwa juu ya ile ya Madan, iliitikia haja hiyo. Lahaja nyingine hazikufutwa, bali zilisogezwa pembeni kama tanbihi.

Sacleux alikuwa na swali tofauti. Tayari mwaka 1909 alikuwa amechapisha sarufi ya lahaja za Kiswahili, lahaja kwa wingi, na kamusi yake iliendeleza swali hilohilo: neno hili linasemwa wapi, na pale jirani linasemwaje? Kidahizo chake mara nyingi huja na alama ya lahaja, iwe Kiunguja, Kimvita, Kiamu, Kitikuu au Kingazija. Kwa kuwa alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, majina ya miti na majani yamejaa humo kuliko mtu anavyotarajia katika kamusi ya lugha. Si kitabu chepesi. Msomaji asiye na subira atakirudisha rafuni mapema.

Thamani yake kwa somo la isimu inaonekana katika mfano mdogo tu. Kiunguja kina *macho* na *kucheka*. Kimvita kina *mato* na *kuteka*. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa kamusi sanifu peke yake huiona *mato* kuwa kosa au, akihurumiwa, ushairi. Mwanafunzi wa Kigali anayesema *amaso* na *guseka*, au wa Kampala anayesema *amaaso* na *okuseka*, ana nafasi ya kuona jambo jingine: kwamba pale Kiunguja kinapoweka *ch* Kimvita huweka *t*, na lugha za maziwa makuu zikaweka *s*, tena kwa utaratibu, si kwa bahati. Somo zima la ulinganifu wa sauti limo katika maneno hayo mawili. Mwanafunzi wa nchi jirani huja darasani akiwa na nusu ya data kichwani. Nusu ya pili imo katika Sacleux.

Kwa nini basi kamusi yake haikuingia darasani? Juzuu lake la pili lilitoka mwaka 1941, Ulaya ikiwa vitani. Lugha yake ya maelezo ilikuwa Kifaransa, ilhali mafunzo ya Kiswahili yalijikita katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Zaidi ya hayo, baada ya uhuru kazi iliyokuwa ya haraka ilikuwa nyingine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihitaji kuifanya lugha iweze kujieleza yenyewe, na ilifanikiwa: *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981, *Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha* ya 1990, kisha vitabu vya sarufi na fonolojia vya Massamba na wenzake. Kufundisha isimu ya Kiswahili kwa Kiswahili kuliwezekana kwa sababu ya kazi hiyo, na ni haki kusema hivyo kabla ya kuikosoa. Mikinzano ya istilahi, kama vile *yambwa* katika kitabu kimoja na *shamirisho* katika kingine, huwasumbua walimu, lakini hilo ni tatizo la kawaida la fani inayokua.

Tatizo zito zaidi ni kwamba mnyororo wote huo, tangu Johnson, una msingi mmoja wa data. Hata koposi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Helsinki, yenye maneno milioni kadhaa na msaada mkubwa kwa watafiti, imejengwa zaidi juu ya magazeti na vitabu vya Kiswahili sanifu. Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na nchi nyingine zilipopanua ufundishaji wake, mabegi ya vitabu yaliyovuka mpaka yalibeba Kiswahili hicho kimoja.

Kwa washauri wa sera, hapa ndipo penye uamuzi. Vyuo vya Burundi, Rwanda na Kongo vina wahadhiri wanaomsoma Sacleux bila mkalimani, jambo ambalo wenzao wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hawana. Kazi ya kuzihamishia alama zake za lahaja katika hifadhidata yenye maelezo ya Kiswahili ingefaa kufanywa nao.

Kongo ina hazina nyingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, sasa Lubumbashi, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Matini hiyo iliandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi na mtu asiyefungwa na tahajia ya Kamati: maneno yanaungana pasipotarajiwa na kutengana pasipotarajiwa. Katika semina ya mofolojia, ukurasa mmoja wake unatosha kwa kipindi kizima, kwa kuwaomba wanafunzi waamue neno linaanzia wapi na linaishia wapi, kisha wautetee uamuzi wao bila kufungua kamusi.