Sura ya Nyongeza

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kila nilipofika Misri ya kale nilichora Mto Nile ubaoni. Nilianzia Bahari ya Mediteranea, nikaenda kusini hadi Khartoum, nikafika Ziwa Viktoria, na hapo aghalabu kengele iligonga. Watoto wa Ngara waliokuwa wakiutazama ubao ule walikuwa wameteka maji ya Ruvubu asubuhi ileile, lakini mto wao haukuwamo katika mchoro wangu. Kosa hilo limekuja kusahihishwa uzeeni, tena na mchezo wa kompyuta.

Mjukuu wangu alikuja likizo na mashine yake ya PlayStation, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Gemu aliyoipenda ni Assassin's Creed Origins, iliyotolewa na kampuni ya Ubisoft Oktoba 2017. Mchezaji huwa Bayek, mlinzi kutoka Siwa, katika Misri ya zama za Cleopatra. Nchi nzima iko wazi mbele yako: utapanda ngamia, utavuka mto kwa mtumbwi, utakwea piramidi ukitaka, wala hakuna anayekuharakisha. Sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Niliposikia hivyo, nilivuta kiti karibu.

Hadithi ile ina mwisho wake. Lakini Machi 2018 watengenezaji waliiongezea sehemu nyingine, Laana ya Mafarao. Humo Bayek anakwenda Thebes, ambako wafalme waliokufa zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, akina Ramesses wa Pili, Tutankhamun, Akhenaten na Malkia Nefertiti, wanatoka makaburini na kuwasumbua walio hai. Inampasa ashuke makaburini, avuke hadi kuzimu kwa kila mmoja, apigane nao ili mji upate amani.

Ualimu haustaafu. Nilimwambia kijana kwamba habari za laana hiyo zilivumishwa hasa na magazeti. Howard Carter alilipata kaburi la Tutankhamun Novemba 1922. Lord Carnarvon aliyegharamia kazi hiyo akafariki Aprili 1923, na waandishi wakapata la kuuza. Kijana hakubishana nami. Alinionyesha kwamba Februari 2018 gemu hiyohiyo ilipata nyongeza nyingine isiyo na mapigano, ambamo mtu hutembezwa tu na kufundishwa jinsi Wamisri walivyolima, walivyooka mikate na walivyohifadhi maiti. Laiti ningalikuwa nayo darasani!

Tulipokuwa tukipita na mtumbwi wa Bayek, nikamwuliza, "Maji haya yanatoka wapi?" Akajibu, "Ziwa Viktoria, Babu." Ndipo nilipoyasikia masomo yangu mwenyewe yakinirudia. Nikamweleza kwamba huko Rutovu, Burundi, ipo piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini. Maji yake huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu inayopita huku kwetu Ngara, na karibu na Rusumo hukutana na yale ya Nyabarongo, ukawa Mto Kagera uendao ziwani. Maji ya Thebes yamepita kwanza mlangoni petu.

Kijana akafikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hata wafu wa huku wangeweza kufika Misri?"

Hakujua alichouliza. Yeye alizaliwa baada ya mambo yale. Mimi nilikuwa mtu mzima tarehe 28 na 29 Aprili 1994, pale Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na kujaa Benaco. Na katika wiki zile nilisimama ng'ambo yetu, nikaona mto ukileta maiti. Zilishuka kwenye maporomoko, zikazama, zikaibuka chini, zikaendelea na safari. Wengine walikuwa wamefungwa mikono. Nilianza kuhesabu, nikaacha.

Hazikufika Misri. Zilifika Ziwa Viktoria, na wavuvi na wanakijiji wa Uganda ndio waliozitoa majini. Zaidi ya 10,000 zimezikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, na leo pana kumbukumbu zao. Hakuna aliyejua majina yao. Ramesses ana jina lake kwenye mawe hadi leo. Wale hawakuachiwa hata la kuandika kwenye kipande cha ubao.

Nilirudi shuleni baada ya siku zile nikaendelea kufundisha Misri. Mtaala haukunitaka niseme niliyoyaona, nami sikusema. Nilijiambia kuwa watoto wameona ya kutosha. Ukweli ni kwamba niliogopa sauti yangu ingenisaliti mbele yao. Basi usiku ule nilimweleza mjukuu wangu yote, televisheni ikiwa imesimamishwa, Bayek kasimama kaburini na mwenge wake.

Baadaye nilisoma kwamba Abubakar Salim naye alifiwa na baba yake, na mwaka 2024 kampuni yake ikatoa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, wa kijana anayefanya mapatano na mungu wa mauti ili arudishiwe baba. Nimeelewa kwa nini vijana wanaipenda michezo hii. Kuna mambo ambayo hadithi ikifika mwisho bado hayajaisha, na mtu hutamani apewe sura nyingine ayashughulikie.

Hata hivyo, ndugu msomaji, wafu wa Kagera hawahitaji kupigwa ili watulie. Wanahitaji kutajwa. Wanaofundisha Misri katika shule za Ngara na Biharamulo nawaomba hili: mkiuchora Nile, msiishie ziwani. Endeleeni hadi Rusumo, hata kama kengele imegonga.